Upepo wa Ziwa Uko, So Mbona Homa Bay na Migori Hazina Mapangaboi ya Stima? Jibu Liko Chini ya Udongo

Kila stima ikipotea kule Nyanza, stori huwa ni ile ile. Msee anachomoa simu iliyobaki na chaji ya asilimia tisa, anaandika: "Tuko na ziwa lote hili na upepo wote huu. Mbona tusiweke yale mapangaboi makubwa kama ya Ngong?" Wa pili anajibu ni siasa. Wa tatu anamtaja gavana. Kabla ugali uive stima imerudi, na swali linalala hapo mpaka giza lingine.

Enyewe swali si la kijinga. Simama Mbita jioni, ama Sori kule Migori, uone venye upepo wa kutoka majini unakubeba kofia. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu unaelekea ziwani. Wavuvi wa tanga walikuwa wanautumia kama matatu: unakupeleka usiku, unakurudisha mchana. Ni kweli haufikii ule wa Loiyangalani, Marsabit, penye Lake Turkana Wind Power ilisimamisha mitambo 365 ya kutoa megawati 310. Ule upepo unapitia korido kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, ni ligi ingine kabisa. Lakini mambo ya upepo watu huyaongea kila siku. Penye hatuangaliagi ni chini.

Juu mtambo wa upepo haushikiliwi na upepo, unashikiliwa na udongo. Na ukichukua udongo wa Homa Bay na Migori, ukaongeza maji ya Nam Lolwe, hapo umepata majirani wawili wenye tabia ngumu sana. Na kama mapangaboi hayakuhusu, usiishie bado. Ile ploti unauziwa ati iko "mita chache tu kutoka kwa maji" inakalia udongo huo huo.

Nyumba inakaa, mtambo unasukumwa

Keja ya kawaida inasukuma ardhi chini tu. Mawe, mabati, kitanda, watu, uzito wote unashuka moja kwa moja. Mtambo wa upepo kazi yake ni tofauti. Kazi yake ni kusimama mbele ya upepo na kukataa kwenda. Umewahi kushikilia mwavuli kwa dhoruba? Si uzito wa mwavuli unaokusumbua, ni venye unataka kukupindua. Sasa fikiria mwavuli wenye mpini wa mita 80.

Tupige hesabu ya form two. Tuseme dhoruba inasukuma rota kwa nguvu ya tani 30, na rota iko mita 80 juu. Zidisha: 2,400. Hiyo ndiyo nguvu ya kuangusha, kwa tani-mita. Chini tuweke msingi wa duara, konkriti ya upana wa mita 15 na ujazo wa mita 300 za kyubiki. Kila kyubiki ya konkriti ina kama tani 2.4, so msingi wote ni tani 720. Ukitaka kupinduka lazima uzungukie ukingo wake, mita 7.5 kutoka katikati. 720 mara 7.5 ni 5,400. Upepo una 2,400, msingi una 5,400. Upepo umelala mapema.

Hizo ni namba za mfano. Mainjinia huongeza uzito wa mtambo wenyewe, udongo uliorudishwa juu ya msingi na vitu zingine kibao. Lakini shika hizo mbili, 5,400 na 2,400, juu tutazirudia ziwa likianza vituko vyake.

Kitu kingine cha kushika: mtambo hautakiwi hata kuinama kidogo. Kwa mitambo ya majini, kiwango ambacho wengi hukubali ni kama nusu digrii kwa maisha yake yote. Nusu digrii huioni kwa macho pale chini. Kule juu mita 80 ni sentimita 70. So msingi unaweza kukosa kuanguka na bado ukafeli.

Udongo unaopumua

Ukitoka Homa Bay town ukaelekea Ndhiwa, ama ukashuka Lambwe Valley upande wa Ruma, ama ukaingia Nyatike kule Migori, utakutana na udongo mweusi ule mafundi wote wanaita blak koton. Kama umewahi kupita hapo na boda wakati wa masika, huna haja ya somo. Boda inaota viatu vya matope mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Rudi Februari uone: ardhi imepasuka nyufa za kuingiza mkono mzima.

Ndani ya udongo huo kuna aina ya mfinyanzi ambayo imepangika kama karatasi nyembamba sana, na maji yanapenda kuingia katikati ya hizo karatasi. Yakiingia, zinaachana, udongo unavimba. Yakitoka zinarudiana, udongo unanywea. Kila mwaka, mara mbili, masika na vuli. Kuvimba huku kuna nguvu ya kuinua sakafu ya nyumba na kupasua ukuta. Ndio maana kule ocha unapata nyumba haijafika miaka mitano na tayari ina ufa wa ngazi kutoka dirishani hadi kwa msingi, na mwenyewe anakuambia ni fundi alimhanda simiti. Pengine fundi hana kosa. Pengine alichimba futi mbili tu, na udongo unapumua kwa kina cha mita mbili, tatu, hata zaidi.

Kwa mtambo wa upepo hii ni ngori ya aina mbili.

Ya kwanza ni kwamba udongo hauvimbi sawa. Katikati ya msingi mpana jua halifiki, unyevu unakaa. Kwa ukingo jua linafika, mvua inafika, mizizi inafika. So ukingo unapanda na kushuka huku katikati imetulia. Na kama upande mmoja kuna mikalatusi ya mtu, upande huo unakunywewa maji yote na kunywea kuliko ule mwingine. Kumbuka ile nusu digrii. Mti wa jirani unaweza kuila polepole na hakuna mtu atamshuku.

Ya pili ni tamu zaidi, na ili uielewe nikupeleke kwa nyatiti. Nyuzi nane, na mpigaji anakaza ama kulegeza kila moja mpaka ipate sauti yake. Mnara wa mtambo pia una sauti yake, yaani kasi ambayo ukiusukuma na kuuachilia utayumba kwayo wenyewe. Sasa rota yenye mabawa matatu ikizunguka mara 20 kwa dakika, bawa linapita mbele ya mnara mara 60 kwa dakika, mara moja kila sekunde. Kila likipita, mnara unapata kofi dogo. Kama sauti ya mnara nayo ni mara moja kwa sekunde, ni kama kusukuma mtoto kwa bembea wakati ule sawasawa kila mara: anapanda, anapanda, anapanda. Vyuma vinaanza kuchoka. So mainjinia wanachagua sauti ya mnara iwe mbali na makofi ya mabawa.

Lakini nani anakaza uzi wa mnara? Udongo. Udongo mgumu unashika kiuno cha mnara vizuri, sauti inapanda. Udongo laini unalegea, sauti inashuka. Na huu udongo wetu mweusi ni mgumu kama tofali Februari, na uji mzito Mei. Maanake ukiweka msingi wa juujuu hapo, nyatiti yako inajilegeza yenyewe kila masika. Pengine inashuka mpaka pale pale penye mabawa yanapiga.

Dawa ziko, hakuna uchawi. Unaweza kuchimba udongo mweusi wote utoke, ujaze hadikoo na maram iliyoshindiliwa. Unaweza kuchanganya na chokaa, venye hufanywa kwa barabara, chokaa inaupunguzia tamaa ya maji. Ama unapiga paili, nguzo ndefu zinazopita ule udongo unaopumua mpaka zifike chini penye hakuna msimu. Zote zinafanya kazi. Zote zinakula doo. Na ukizidisha kwa mitambo 60, ile idadi ya Kipeto kule Kajiado, utaelewa kwa nini mwekezaji anauliza udongo kabla aulize jina la chifu.

Bahari ina ratiba, ziwa halina

Watu hudhani ziwa ni rahisi kuliko bahari. Hakuna chumvi, mawimbi ni madogo, papa hakuna. Kwa chumvi ni ukweli. Mtu akijenga Lamu, chumvi ya Bahari Hindi inaingia polepole kwa konkriti mpaka inafikia vyuma, vinapata kutu, vinavimba, konkriti inapasuka kutoka ndani. Ziwa letu ni maji matamu, hiyo shida imepungua sana.

Lakini bahari ina kitu kimoja kizuri: ina ratiba. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, pale pwani ya Kenya tofauti inaweza kukaribia mita nne, na unaweza kununua kitabu kinachokuambia saa na dakika. Mwaka kesho utakuwa vilevile. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kueleweka. Linapanda na kushuka kwa miaka, na halimwambii mtu.

Cheki historia. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili baada ya mvua kali sana, na wazee wa kando ya ziwa bado wana stori za vijiji vilivyohama. 2006 likashuka chini kabisa, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Bichi zikawa kubwa, watu wakalima penye palikuwa maji, wengine wakajenga. Alafu Mei 2020 likafika mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya 1964 ya 13.41. Homa Bay, Migori, Kisumu, Siaya na Busia, watu waliamka na ziwa sebuleni. Vyoo, mashamba, bichi za kupakulia samaki, zote chini ya maji.

Kutoka 2006 hadi 2020 tofauti ni kama mita tatu. Mtambo wa upepo hujengwa ukae miaka 20 hadi 25. Kama ungeusimamisha mwaka 2000 ungeona zote mbili, ukame wa rekodi na mafuriko ya rekodi, kabla hata ustaafu.

Na usidhani ni vijito tu vinalijaza. Kama asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kutoka, mengi yanarudi angani kwa jua, na yanayobaki yanapita mlango mmoja tu, Jinja, Uganda, penye bwawa la Nalubaale lilifunguliwa 1954. So msingi wako uko Muhuru Bay, lakini sehemu ya hatima yake iko kwa mawingu na sehemu iko kwa wasee wanaofungua milango ya maji katika nchi ingine.

Sasa rudi kwa ule msingi wetu wa tani 720. Tuseme uko nchi kavu, mita mia moja kutoka kwa maji, unaonekana salama. Ziwa likipanda, si lazima likufikie kwa juu. Maji ya chini ya ardhi nayo yanapanda, polepole, mpaka yanazunguka msingi. Na kitu kikizama kwa maji kinapoteza uzito, ndio maana unaweza kumbeba rafiki yako mnene ukiwa mtoni na huwezi kumbeba kwa barabara. Kila kyubiki ya konkriti inapoteza tani moja. Kyubiki 300, tani 300 zimeenda. Zimebaki 420. Mara 7.5, ni 3,150.

Upepo bado una 2,400 zake. Ulikuwa unashindwa mara mbili na zaidi, sai unashindwa kwa pua. Konkriti haijapasuka, fundi hajaiba simiti, hakuna kitu kimeguswa, na usalama karibu nusu umeyeyuka. Hii ndiyo sehemu ya stori yote ambayo mimi hunitisha. Tuliona maji yakiingia kwa nyumba za watu 2020. Yale yaliyopanda chini ya nyumba ambazo hazikufurika, hakuna aliyeyapiga picha.

Kama mtu atajenga kitu kirefu kando ya ziwa, basi inabidi apige hesabu kama vile maji yako tayari juu, hata kama leo ni vumbi tupu. Msingi unakuwa mkubwa, unakuwa ghali. Hakuna njia ya mkato hapo.

Na tukiingia ndani ya maji je?

Wadanishi walijaribu kwanza. 1991 walisimamisha mitambo 11 baharini pale Vindeby, maji ya mita mbili hadi nne tu, juu ya vikalio vya konkriti vilivyokaa sakafuni kwa uzito wao. Ilifanya kazi mpaka 2017 ikang'olewa. Ghuba ya Winam sehemu nyingi za ndani nazo ni maji ya mita chache. So mtu anaweza kusema: form ni ile ile, tukopi.

Tatizo ni sakafu. Chini ya ghuba kuna matope laini, yale yaliyoletwa na mito kwa maelfu ya miaka na mabaki ya mimea iliyooza. Ukiweka kikalio cha mamia ya tani juu yake kitazama, na kitazama upande. Kwa sakafu ya namna hiyo Waholanzi wana jibu. Wao wana ziwa lao la maji matamu, IJsselmeer, lenye kina cha kama mita tano, na 2021 walimaliza kusimamisha humo mitambo 89, mradi unaitwa Fryslân. Walitumia paili moja nene kwa kila mtambo, bomba la chuma linalogongwa chini mpaka lipite ulaini na kushika penye pamekaza. Lakini ziwa lao kiwango chake kinadhibitiwa na watu kwa milango, sentimita kwa sentimita. Letu tumeliona.

Bomba nalo lina adui wake. Maji yakipita kando ya nguzo yanajikunja, yanazunguka, yanachimba mchanga pale pale penye nguzo inaingia chini. Simama kwa wimbi la bichi dakika mbili bila kusonga, utaona visigino vyako vinazama. Ni kitu hicho hicho. Kanuni ambayo mainjinia hutumia ni kwamba shimo linaweza kufika kama mara 1.3 ya upana wa nguzo. Nguzo ya mita nne, shimo la mita tano. Mita tano za udongo uliodhani umekushika, hazipo, na uzi wa nyatiti umelegea tena. Dawa ni kumwaga mawe kuzunguka nguzo, na kutuma mtu kuyacheki kila baada ya dhoruba.

Alafu kuna kitu Wadanishi hawajawahi kukutana nacho. Hayasinti. Yale magugu maji yakijikusanya yanakuwa kama uwanja wa mpira unaoelea, na upepo ukiyasukuma yanaenda kokote unakotaka. Homa Bay na Kendu Bay wanajua, kuna siku boti haziwezi kutoka wala kuingia. Sasa zulia hilo likija kuegemea nguzo yako, upepo haupigi nguzo peke yake tena, unasukuma zulia zima na zulia linasukuma nguzo. Yaani umeongezewa tanga chini ya maji na hukuliomba.

Na kuzuia maji kupita pia si mchezo. Mbita walijifunza hilo. Miaka ya 80 waliunganisha Rusinga na bara kwa kujaza mawe na udongo kwa mkondo, gari zikapita, poa. Lakini maji yakakosa kupita kati ya ghuba na ziwa kubwa, upande mmoja ukatulia na kuchafuka, mpaka baadaye ikabidi ule ukuta upasuliwe na daraja lijengwe ili mkondo urudi. Ukipanga kutupa mawe mengi majini, wavuvi wana haki ya kukuuliza maji yatapita wapi.

Na hata ukitatua hayo yote, kuna swali la mashine. Meli za kugonga hayo mabomba ziko baharini, na hakuna mto unaoleta meli kutoka Bahari Hindi hadi Kisumu. Mambo ni yale yale ya zamani: SS William Mackinnon ililetwa vipande vipande ikaunganishwa Kisumu, ikaingia majini 1900. MV Uhuru nayo ilitoka Uskoti hivyo hivyo miaka ya 60. Inawezekana. Lakini mwite mwekezaji umwambie aanze kwa kujenga meli, uone kama atamaliza chai yake.

Migori: zawadi ya Kuja

Upande wa Migori kuna ngori yake. Mto Kuja unatoka huko juu Nyamira na Kisii, unapita Gogo penye kuna kile kituo kidogo cha stima cha megawati 2 cha KenGen, unashuka Nyatike na kuingia ziwani. Njiani unabeba udongo wa mashamba ya watu. Bwawa la Gogo limekula matope hayo miaka mingi. Yanayobaki yanamwagwa Nyatike, na ndio maana tambarare ya chini ya Kuja ina rutuba ya kulima mpunga, na ndio maana mto ukivunja kingo watu wanahama.

Kwa mkulima hiyo ni baraka. Kwa msingi ni keki ya tabaka: mchanga, tope, mfinyanzi, mchanga tena, na maji kila mahali. Mchanga uliolegea na kujaa maji una tabia ya ajabu. Uguse taratibu, uko imara. Uutikise mara nyingi, chembe zinajaribu kukaribiana, maji katikati yanakosa pa kwenda, yanazisukuma ziachane, na ghafla unasimama kwa uji. Watoto wa bichi wanaujua huo mchezo, wanarukaruka kwa mchanga wa maji mpaka unatetemeka. Na mtambo wa upepo kazi yake ni kutikisa, mamilioni ya mara. Tambarare ambayo inaonekana tamu kwa ramani, sawa kama meza, ndiyo inayotaka paili ndefu kuliko zote.

Kuna ingine, na hii inagusa mifuko ya vijana. Kuchota mchanga. Kobala kule Rachuonyo na bichi zingine, mchanga ndio kazi, lori zinapanga laini. Sitakaa hapa Nairobi nimwambie msee aache kazi inayomlisha. Lakini ufuo uliochotwa unabaki na mashimo, wimbi linaingia ndani zaidi, na ardhi iliyokuwa inashikilia ya nyuma yake haipo. Mtu akija kusimamisha kitu kizito hapo miaka kumi baadaye, ramani yake ya udongo itakuwa ya ardhi iliyoshauzwa kwa tani. Na chekeshe ni kwamba mchanga huo huo ndio angeenda kununua wa konkriti, na ukiwa na tope nyingi bila kuoshwa, konkriti inakuwa dhaifu.

So iwekwe wapi?

Juu ya mwamba, kama utaupata. Migingo, kale kajisiwa ka kama nusu ekari kenye kila mtu anakagombania, ni jiwe tupu, ndio maana mabati yote yale yamejazana juu yake na hakazami. Kwa mwamba msingi hauhitaji hata kuwa mzito. Unatoboa mashimo, unaingiza vyuma virefu, unamwaga simiti ndani, na mlima wenyewe unakuwa uzito wako. Ziwa lipande, lishuke, huko juu haikuhusu.

Vilima vya Gwasi upande wa Homa Bay vinafaa kwa hesabu hiyo: viko juu, vinaangalia ziwa, na ni mabaki ya volkano ya zamani. Lakini hata hapo, mwamba si mwamba. Volkano hutema lava, ambayo ikipoa ni ngumu, na hutema majivu, ambayo hujikandamiza kuwa jiwe unaloweza kulikwaruza kwa panga. Rusinga imejaa tabaka za hayo majivu, na ndiyo yaliyofunika na kuhifadhi mifupa ya kama miaka milioni 18 ambayo imefanya kisiwa kijulikane dunia nzima, ikiwemo lile fuvu Mary Leakey alipata 1948. Kwa mtafuta visukuku, jivu ni dhahabu. Kwa mtu wa paili ni sababu ya kutoboa mita zingine 20 ajue chini yake kuna nini.

Kutoboa ndio kazi ya kwanza, kabla ya hafla ya kukata utepe. Mtu akileta mradi barazani Karungu ama Sindo akitaja megawati na ajira, muulize ametoboa mashimo mangapi, kina gani, na mwezi gani. Mwezi ni muhimu, juu udongo mweusi wa Februari na wa Mei ni udongo mbili tofauti. Muulize pia aliweka maji wapi kwa hesabu zake: ya siku aliyokuja, ama ya Mei 2020.

Na akikujibu vizuri, na mwamba ukapatikana kule Gwasi, bado kuna ile siku ya kupandisha mabawa. Bawa la mtambo mdogo kama wa Ngong lina kama mita 25, kipande kimoja, halikunjwi. Yale ya mitambo mikubwa yanapita mita 50. Na barabara ya kuelekea huko ina kona.